Jini wa Mabuti ya Kijani

Jamani, leo nimepatikana. Si kidogo. Nimepatikana mchana kweupe, kifua wazi, mikro mkononi, na Rumonge yote kuanzia ufukweni hadi sokoni imesikia kwa masikio yake. Nawaandikia nikiwa nimejifungia chumbani, suruali bado inachuruzika maji. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa mteja wangu Haruna, maana Haruna ataongeza chumvi (na chumvi haihitajiki, mtaona).

Kwa mlioingia juzi kwenye kundi hili: naitwa Salvatori. Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, upande wa Kigoma, ndiyo maana hapa Burundi watu wanasema Kiswahili changu kinanuka redio. Hicho Kiswahili ndicho kinanilisha. Nina sale ya video, banda la kuonyeshea filamu, pale chini, karibu kabisa na ziwa. Mbao, mabati, televisheni moja kubwa, bafle mbili za sauti. Filamu ikianza, mimi nakaa pembeni na mikro yangu natafsiri. Mzungu akifungua mdomo, mimi nausemea. Kiingereza changu ni cha darasa la tano. (Msiulize zaidi.)

Shida yangu ni ziwa. Limepanda, na mwaka huu limeingia ndani ya sale bila tiketi. Maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, wateja wanakaa wamekunja miguu juu ya matofali. Nikibaki pale msimu mmoja zaidi nitakuwa nawatafsiria samaki. Nahitaji chumba. Na chumba kipo! Mama mkwe wangu ana nyumba kule juu nyuma ya soko, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Chumba cha mbele kiko tupu, kikubwa, kikavu. Lakini ili anipe ufunguo, lazima kwanza akubali kwamba ninachokifanya ni kazi.

Hapo ndipo penye mlima. Mama mkwe analima kijijini Bugarama. Mihogo, ndizi, michikichi. Ni mwanamke wa kuamka kabla ya jogoo, na hajawahi kuona mtu analipwa kwa kuongea akiwa amekaa. Tangu nimwoe binti yake Esperansi, miaka minne sasa, kila tukionana ananifanyia vilevile. Kwanza anakohoa mara mbili, kikohozi kikavu, ndiyo hodi yake. Halafu: "Amahoro, mukwe. Na kazi? Uko unafanya kazi gani?"

Miaka minne! Namjibu, "Natafsiri filamu, mama." Ananitazama kwa huruma, kana kwamba nimemwambia naumwa.

Esperansi akambembeleza mama yake wiki nzima. Mwishowe mama akakubali: atashuka Jumamosi, saa kumi, aje aone kwa macho yake. Akiona ni kazi, ufunguo ni wangu. Akiona ni mchezo, chumba kitawekwa magunia ya mihogo. Jumamosi yenyewe ndiyo leo.

Asubuhi Esperansi alikuwa ananipigia pasi shati jeupe.

"Salva, usimuonyeshe mama upuuzi. Weka filamu ya heshima. Ya dini. Ama mupira."

"Saa kumi nitaweka ya heshima," nikamwambia. "Saa nane wateja wangu wanataka ya kutisha."

"Na akifika mbele ya saa?"

Nikacheka. (Nilicheka! Pakumbukeni hapo.) Nani anafika mapema siku hizi na petroli hakuna? Magari ya Bugarama yanalala foleni. Mtu akikuahidi saa kumi, wewe kaoge, kale, kalale kidogo, utamkuta njiani.

Sasa niwaambie kuhusu filamu za kutisha za siku hizi, maana ndizo zilizoniponza. Nilipokuwa mdogo kambini tuliona filamu moja ya mwanamke wa ghalani. Kaseti ilikuwa imechakaa, picha inaruka, nusu hatukuiona. Lakini dakika ya tano tu yule mama alikuwa ameshatoka ghalani na kazi imeanza. Sikwenda chooni peke yangu mpaka shule zilipofunguliwa. Hizo ndizo zilikuwa filamu!

Siku hizi? Kila kitu ni marudio, au ni sehemu ya sita. Muuaji tulimwona anaungua. Tukamwona anakatwa. Tukamwona anamwagiwa saruji. Karudi, na sasa ana mpwa wa kumrithi. Na hizo zinazojiita mpya, jini mwenyewe hatokei. Ana huzuni. Saa nzima ni giza na mlango unalia kwiii, kumbe upepo. Giza lenyewe ni zito hivi kwamba unachokiona kwenye televisheni ni uso wako. (Hapo kidogo natishika.) Halafu watu wa humo! Mtu anahamia jumba la vyumba ishirini katikati ya msitu, siku ya tatu hakuna jirani aliyekuja hata kuuliza jina. Hapa kwetu jini huyo angefanya kazi saa ngapi? Ukihamia asubuhi, mchana una wageni sita na mmoja wao ameshaazima sufuria.

Wateja wangu wamechoka. Haruna ndiye msemaji wao. Ni muuza mawese, mtu mwenye mwili, sauti yake haihitaji bafle. Wiki iliyopita alikuwa kwangu anaangalia sehemu ya sita, akalala mpaka akaanguka majini. Aliponyanyuka akaniambia mbele ya watu: "Salva, miye nililipa juu ya kuogopa. Kama ni kulala, kwangu iko kitanda."

Iliniuma. Nikaapa kwamba leo watatishika hata kama ni kwa nguvu. Nikapata kwenye flashi lile toleo jipya la mwanamke wa ghalani, filamu yangu ya utotoni, imetengenezwa upya, rangi safi. Nikaona mambo yamenyooka.

Saa nane watu wakajaa, kama ishirini hivi, wanaume karibu wote. Joto la kuivisha ndizi. Nikavua shati, nikalitundika msumarini pamoja na koti langu la harusi, vyote tayari kwa saa kumi. Moja ya bafle naiwekaga nje, imeangalia barabara, ili kuita wateja. Nikaongeza mwangwi kwenye sauti, kwa ajili ya kutisha. Nikaziba madirisha na mlango kwa mablanketi. Nikawasha.

Jamani. Filamu haikuwa ya Kiingereza.

Mpaka sasa sijui ni lugha gani. Ina "sh" nyingi, na wenyewe hawafungui mdomo vizuri. Mume na mke wamehamia nyumba yenye ghala. Mume akasema kitu kirefu sana.

"Anasema nini?" Haruna akauliza.

"Anasema... nyumba ni nzuri."

"Maneno yote ile?"

"Ni nzuri sana."

Dakika arobaini, ndugu zangu. Wanakunywa kahawa. Mke anatazama dirisha. Mume anamtazama mke. Mlango wa ghala, kwiii. Upepo. Wanaongeza kahawa. Yule mama wa ghalani, aliyeninyima choo utotoni, hata kivuli chake hakikupita! Nyuma mtu akaanza kukoroma. Kwenye benchi la kati wawili walikuwa wanaongelea bei ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Halafu nikaona mwili mkubwa unasimama mbele ya televisheni.

"Salva, narudia kwangu. Ku kitanda."

Hapo shetani akanishika ulimi. Nikasogeza mikro karibu na mdomo, nikasema polepole: "Kaa chini, Haruna. Hujajua kwa nini huo mlango hawaufungui."

Akakaa. Nami nikaanza kutunga.

Jini lazima awe na namna yake, si kutembea tu na nywele usoni. Nikajiuliza: Salvatori, wewe hapa duniani unaogopa nini? Jibu lilikuja haraka mpaka nikaona haya. Nikampa mabuti ya mpira, ya kijani, yale ya shambani. Nikampa mwavuli wa njano anaoubeba hata jua likiwaka. Nikampa kikohozi.

"Huyu hagongi mlango," nikawaambia. "Kwanza utasikia mabuti. Chwap. Chwap. Halafu anakohoa, mara mbili, kikavu. Halafu anauliza swali moja tu."

"Swali gani?" Ilikuwa sauti ya Haruna, lakini ilikuwa imepungua.

"Anauliza: uko unafanya kazi gani? Asiyekuwa na jibu, anaondoka naye."

Wanaume ishirini, siku ya Jumamosi, saa tisa mchana, ndani ya sale ya video. Nikasikia benchi linatetemeka. Aliyekuwa anakoroma akaamka mwenyewe. Bei ya ndagala ikaisha. Mmoja wa mbele akanong'ona, "Na mwenye kazi ya siku moja moja?"

"Huyo ndiye anayeanza naye."

Ikawa filamu nyingine kabisa. Wale wawili bado wanakunywa kahawa, lakini sasa kila kikombe kina uzito. Mume akiweka kikombe chini, nasema: "Ameulizwa. Anafikiri." Akimtazama mke: "Anataka mke ajibu kwa niaba yake. Haikubaliki." Mlango, kwiii. "Ameshamaliza chumba cha kwanza." Watu wakashikana mikono. Haruna alikuwa amemkumbatia mtu asiyemjua. Mimi mwenyewe nywele za mikono zilisimama, na nilifurahi mno, nikajisemea moyoni: laiti mama mkwe angekuwepo, angeona kama hii si kazi!

(Alikuwepo.)

Chwap.

Nilidhani ni filamu. Lakini kwenye filamu hapakuwa na maji.

Chwap. Chwap. Maji yakatikisika miguuni pangu. Hakuna aliyegeuka. Halafu nyuma yetu, mlangoni, kikohozi. Kimoja. Cha pili. Kikavu.

Blanketi la mlango likainuka, mwanga ukaingia, na katikati ya mwanga amesimama mtu. Uso hauonekani. Mwavuli ni wa njano. Chini, mabuti ya kijani.

"Amahoro," akasema. "Na mulio humu, muko munafanya kazi gani?"

Sikilizeni. Mimi nilijua kwamba jini huyo hayupo. Nilimtunga mwenyewe, dakika ishirini zilizopita, namjua kila uzi. Na huyo wa mlangoni namjua pia, nimemwoa binti yake! Akili yangu ilikuwa na habari zote. Ila miguu haikuiuliza akili.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Haruna. Hakutafuta mlango. Alipita ukutani, kwenye mbao, na tundu lina umbo lake mpaka tumbo. Alikuwa anapiga kelele, "Miye nauza mawese! Miye nauza mawese!" Wengine wakamfuata kwenye tundu hilohilo, kila mtu anataja kazi yake kwa sauti. "Fundi wa kinga! Wa baiskeli!" "Mwalimu! Niko mwalimu wa primeri, uliza direkta!" Mmoja alikuwa analia: "Natafuta, mama! Bado niko natafuta!"

Na mimi? Mimi nilikuwa nimeshatoka dirishani na blanketi lake. Nyuma ya dirisha ni ziwa. Nikaingia mpaka kiunoni, mkono mmoja nimeinua mikro isilowe (nimeilea kwa shida), waya wake ni mrefu, niliuchagua mrefu kwa kujivuna. Na mdomo wangu, huu unaonilisha, ulikuwa unasema wenyewe:

"Sina kazi! Nisamehe, mama, sina kazi! Sijawahi kuwa na kazi!"

Mara tatu. Kwa mwangwi. Kwa bafle inayoangalia barabara.

Baadaye nimeambiwa wauza samaki walisimamisha mizani. Foleni ya petroli, ambayo haijasogea tangu juzi, ilisogea ije ione.

Kisha nikageuka. Dirishani kulikuwa na kichwa cha mama mkwe na mwavuli juu yake. Sasa ninyi mnaijua heshima yetu ya ukwe. Miaka minne sijawahi kula mbele ya mama huyu. Sijawahi hata kukunja mikono ya shati. Leo ameona kifua, ameona kitovu, na ameona mkwe wake amesimama ziwani anaungama kwa mikro. Ng'ambo ya pili ni Kongo. Nilipiga hesabu ya kuogelea.

"Salvatori," akasema. "Toka mu maji. Pande ile iko kiboko."

"Nakuja, mama. Naomba shati kwanza."

Akaondoka, akarudi na shati na koti, akavipitisha dirishani huku ametazama pembeni. Nikavaa vyote mulemule majini. Nikafunga vifungo mpaka cha shingo. Nikatoka ziwani nimevaa koti la harusi, chini nachuruzika.

Nilipoingia nilimkuta amekaa benchi la mbele, mwavuli mapajani, mabuti ndani ya maji, ametulia. (Mtu wa kwanza kuja kwangu amevaa inavyotakiwa.) Anatazama filamu. Mume na mke walikuwa wanaongeza kahawa. Akaniambia lori la mihogo lilimpa lifti, akafika mbele ya saa, akaonelea aje moja kwa moja. Nikakaa benchi la mwisho, kwenye kona, nikasubiri hukumu. Nilikuwa nimeshaona magunia ya mihogo kwenye chumba changu, yamepangwa vizuri.

"Nilifika saa ile ulikuwa unaanza maneno ya mabuti," akasema bila kugeuka. "Nikasimama inje, nasikiliza."

Moyo ukanishuka mpaka kwenye maji.

"Ile jini niko naijua."

"Mama, nisamehe sana, sikuwa na..."

"Kikohozi ile. Mwavuli ile. Na ile swali!" Akatikisa kichwa. "Ni mama wa bwana yangu, kabisa kabisa. Miaka kumi na tisa aliniuliza: wewe, mu nyumba yangu uko unafanya kazi gani? Hata leo mutu akikohoa nyuma yangu, natetemeka. Salvatori, nilishindwa kuingia. Pale mulangoni nilikohoa juu ya kujipa nguvu."

Nikabana meno kwa nguvu zote, siri isinitoke. Kumbe amemwona mama mkwe wake, hakujiona yeye! Namshukuru bibi huyo, popote alipo.

Akatazama tena televisheni. "Na hawa wanasema nini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini kwa leo nilikuwa nimeshaungama mbele ya mji mzima, kilichobaki ni kidogo. "Sijui, mama. Lugha yao siielewi hata neno moja."

"Kwa hiyo ile yote ulitoa mu kichwa?"

"Yote."

Akatazama mabenchi yaliyopinduka. Akatazama kandambili kumi na moja zinaelea. Akatazama tundu la Haruna, kwa muda mrefu, kuanzia juu hadi tumboni. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Miaka minne sijawahi kumwona mama huyu anacheka!

"Wanaume makumi mbili," akasema akijifuta macho. "Mu mchana. Na mudomo tu." Akafungua fundo la pembe ya kitenge chake, akatoa ufunguo, akainuka, akauweka kwenye benchi la katikati yetu, maana kumpa mkwe mkononi haifai. "Mutu wa kufanya vile, huyo iko na kazi. Ila kwangu ukuta ni ya matofali. Yule munene umuweke karibu na mulango."

"Murakoze, mama. Asante sana, murakoze cane."

Laiti yangeishia hapo. Lakini ilibidi nimsindikize kwenye nyumba yake, na njia inapita sokoni. Koti la harusi, suruali imeloa, viatu vinalia. Wauza samaki wakasimama wote pamoja: "Salva! Sina kazi!" Ndiyo salamu yangu mpya Rumonge, naona itanizika. Mama mkwe akawa anaitikia kwa niaba yangu: "Iko nayo! Iko nayo!" Ikawa mbaya zaidi.

Kwenye kona ya soko Haruna alikuwa ananisubiri, vipande vya mbao bado viko mgongoni. Hakumwona mama mkwe, aliyekuwa nyuma yangu ananunua chumvi.

"Salva, kwa mara ya kwanza nimeogopa nikashiba," akasema. "Sehemu ya pili ni siku gani?"

Mimi! Mtu aliyezitukana sehemu za pili maisha yake yote! Nikavuta pumzi nimwambie hapana, kitu kizuri kinaachwa kikiwa kimoja, kinaheshimika.

Nyuma yangu mama mkwe akakohoa. Kimoja. Cha pili hakikumkuta Haruna. Tulimsikia tu kule mbele kwenye mitungi yake, anawatangazia watu wote kwamba anauza mawese.

Naombeni msinicheke humu kwenye kundi, nimechoka. Atakayecheka nampa mama mkwe namba yake, ajibu mwenyewe anafanya kazi gani.